Jiko la Kiuno Chembamba

Kamukunji, katikati ya Nairobi, nyundo huamka na jua. Mgeni anayeingia hapo kwa mara ya kwanza hutamani kuziba masikio, ilhali wenyeji wanapatana bei na kujuliana hali kana kwamba wamekaa barazani. Kuna mafundi wa masanduku ya wanafunzi, kuna wa toroli, kuna wa karai na masufuria makubwa ya shule. Na kuna fundi wa majiko.

Huyu huanza na pipa kuukuu la mafuta. Hulipasua kwa patasi, hulilaza chini na kuligonga mpaka linyooke liwe bamba. Juu ya bamba hilo huweka kipande cha bati kilichokwishakatwa, kielezo alichoachiwa na aliyemfundisha kazi, akafuata kingo zake kwa ncha ya msumari. Kisha mkasi wa bati, kisha kukunja, kisha ribiti. Vipande viwili vyenye umbo la faneli huunganishwa kwa upande mwembamba, kimoja kikitazama juu, kingine kikitazama chini. Chini hukatwa mlango mdogo wa kupitisha hewa na kutolea majivu. Juu hupachikwa vyuma vitatu vya kuegemeza sufuria, na ubavuni vishikio viwili. Mwisho huingizwa kauri, yaani bakuli nene la udongo uliochomwa, lenye matundu kitakoni kama chekecheke, likashikizwa kwa saruji ndani ya faneli ya juu.

Kifaa hicho kipana mdomoni, kipana kitakoni na chembamba kiunoni, wataalamu hukiita Kenya Ceramic Jiko. Wengi wanaokipikia hawajapata kulisikia jina hilo. Kwao ni jiko la udongo, au jiko la kisasa, au, ukishavuka mpaka kuingia Tanzania, jiko bora. Limekaa uani na barazani kwa zaidi ya miaka arobaini, limechemsha maharage na kuchoma mahindi, na limezoeleka kiasi kwamba hakuna anayelitazama kama teknolojia. Ndivyo lilivyo hata hivyo. Ni miongoni mwa teknolojia zilizosambaa kwa mafanikio makubwa kabisa barani Afrika katika nusu karne iliyopita, na historia yake inaeleza vizuri kuliko semina nyingi kwa nini baadhi ya ubunifu hushika mizizi mitaani na mwingine hufa siku wafadhili wanapofunga virago.

Bati linalokula moto

Kabla ya jiko la udongo kulikuwa na jiko la bati tupu. Inaaminika kwamba mtangulizi wake aliletwa na vibarua kutoka Bara Hindi waliokuja kujenga reli ya Uganda mwishoni mwa karne ya 19. Mafundi wa Kiafrika walilipokea, wakalirahisisha, wakalitengeneza kwa mabati chakavu, na miji ilipokua nalo likakua. Lilikuwa jepesi, rahisi kununua, na mtu aliweza kulibeba kwa mkono mmoja kutoka chumbani hadi uani.

Kasoro yake uliijua zaidi mguu wa mpishi. Bati hupitisha joto upesi, kwa hiyo aliyekaa karibu akisonga ugali aliungua muundi, na mtoto aliyeligusa alilia mchana kutwa. Vipimo vilivyofanywa baadaye vilionyesha kwamba katika joto lote lililomo ndani ya mkaa, asilimia 10 hadi 20 tu ndiyo iliyofika kwenye sufuria. Zaidi ya nusu ilitoroka kupitia kuta za jiko, na sehemu nyingine ikapaa na gesi. Kwa maneno mengine, familia iliyonunua debe la mkaa ilikuwa ikitumia sehemu kubwa ya debe hilo kupasha moto hewa ya uani.

Miaka ya 1970 hasara hiyo ilianza kuuma. Bei ya mafuta ya petroli ilipanda ghafla mwaka 1973 na kuvuta nyingine nyuma yake. Mafuta ya taa yakawa ghali, watu wa mijini wakazidi kutegemea mkaa, na magunia yakawa yanatoka mbali zaidi kila mwaka. Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa jijini Nairobi kuhusu vyanzo vipya vya nishati na vile visivyokwisha. Wakati huohuo Wizara ya Nishati ya Kenya, kwa fedha za Marekani, ilikuwa imeanza mradi wa nishati ambao miongoni mwa kazi zake ulipewa swali hili dogo la uani: jiko la bati lifanyweje lisile mkaa?

Wazo la kwanza lilitoka Thailand. Huko watu walipikia jiko la ndoo, yaani ndoo ya bati iliyojazwa kauri ndani. Udongo uliochomwa haupitishi joto upesi kama chuma. Hulizuia na kulirudisha motoni, na ukishapata moto unabaki nao muda mrefu. Wakenya waliokwenda kulitazama walirudi na wazo hilo, na kazi ya kulibadilisha lifae Afrika Mashariki ikaanza. Jina linalotajwa sana katika kazi hiyo ni la mbunifu Maxwell Kinyanjui.

Majiko ya mwanzo hayakufanikiwa. Kauri iliyojaza ndoo nzima ilikuwa nzito, ilitumia udongo mwingi, ilipandisha bei, na ilipasuka mapema, kwa sababu chuma na udongo vikipata moto havitanuki sawasawa.

Mkutano wa fundi na mpishi

Kilichotokea baada ya hapo ndicho kiini cha hadithi hii. Mradi ungeweza kujenga kiwanda, ukaagiza mashine na kutoa majiko kwa maelfu yenye muhuri wa serikali. Badala yake majaribio yalipelekwa kwa watu wa aina mbili ambao maisha yao yalitegemea jiko: mafundi wanaolitengeneza na wanawake wanaolipikia. Vikundi vya wanawake vilipewa sampuli wakapike chakula chao cha kila siku, kisha wakasema yaliyowakera.

Ili kuelewa uzito wa hatua hiyo, inafaa kumtazama mtu anayesonga ugali. Maji yanachemka, unga unamiminwa, mwiko unaingia. Mara ugali unapokaza, mpishi hashiki tena mwiko kwa vidole tu. Anaegemeza mwili mzima, anasukuma, anavuta, anageuza, na nguvu yote hiyo inaishia kwenye miguu ya jiko. Jiko lenye kitako chembamba litapinduka, na ndani yake kuna moto na juu yake kuna sufuria inayochemka. Katika maabara ambako hupimwa muda wa kuchemsha maji lita mbili, kasoro hiyo haionekani kabisa.

Umbo la kiuno chembamba lilijibu mambo mengi kwa mpigo. Kitako kipana kililizuia jiko lisipinduke. Kauri ilibaki katika nusu ya juu peke yake, pale moto ulipo, hivyo uzito ukapungua na bei ikashuka. Wembamba wa kiuno uliibeba kauri isidondoke. Nusu ya chini ikawa chumba cha majivu na njia ya hewa: mlango ukifunguliwa moto unawaka, ukifungwa unatulia, na chungu cha makande kinaweza kuachwa kikatokota taratibu mpaka jioni.

Mafundi nao walikuwa na lao. Jiko lililohitaji mashine ya kukunjia au kulehemu lisingetengenezeka Kamukunji, Gikomba wala Shauri Moyo, ambako zana zilikuwa nyundo, patasi, mkasi na kipande cha reli cha kugongea. Jiko jipya liliwezekana kwa zana hizohizo na kwa mabati yaleyale ya mapipa. Aliyejua kutengeneza la zamani alihitaji siku chache tu kujifunza la kisasa, na mafunzo yaliendeshwa na mashirika kama KENGO, muungano wa mashirika ya Kenya yaliyoshughulikia nishati. Kukawa na mgawanyo wa kazi ulioeleweka haraka: mfinyanzi anafinyanga na kuchoma kauri, fundi bati anatengeneza ganda, na mara nyingi mtu wa tatu anaviunganisha na kuviuza.

Mafundi hawa ndio walioitwa jua kali, kwa kuwa walifanya kazi bila paa juu ya vichwa vyao. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliofanya utafiti nchini Kenya ulieleza kwa undani namna uchumi huu usio rasmi ulivyokuwa ukiwapa watu wengi riziki, jambo ambalo wapangaji wa maendeleo walikuwa wakilipuuza. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi alifika Kamukunji na kuahidi kuwajengea mafundi mabanda. Jina lililoanza kama maelezo ya shida likawa jina la sekta nzima.

Jiko lisilo na hataza

Uamuzi mwingine uliolifikisha jiko mbali ulikuwa wa kibiashara. Umbo lile halikufungiwa kwa hataza. Yeyote aliyetaka kulinakili alilinakili, na hapakuwa na wa kumshitaki. Pia majiko hayakuuzwa kwa bei ya ruzuku. Msaada uliingia katika utafiti, majaribio, mafunzo na matangazo, lakini aliyetaka jiko alilinunua sokoni kwa bei ya sokoni, na fundi aliyetengeneza baya alirudi nalo nyumbani.

Mwanzoni bei ilikuwa kali. Jiko moja liligharimu zaidi ya dola 10 za Marekani, fedha nyingi kwa familia ya kipato cha chini. Lakini kadiri mafundi walivyoongezeka na kushindana, bei iliteremka mwaka hadi mwaka, mpaka jiko likapatikana kwa dola chache. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 biashara na mafundi zaidi ya 200 walikuwa wakitengeneza majiko hayo nchini Kenya, na zaidi ya nusu ya kaya za mijini zilikuwa nayo.

Faida iliyoonekana haraka ilikuwa mfukoni. Jiko lililotengenezwa vizuri hufikisha kwenye sufuria asilimia 25 hadi 40 ya joto la mkaa. Katika kaya zilizopimwa, matumizi ya mkaa yalishuka kutoka karibu kilo 0.67 kwa mtu kwa siku hadi kilo 0.39. Kwa familia ya kawaida hiyo ni akiba ya zaidi ya kilo 600 kwa mwaka. Mama anayenunua mkaa kwa kopo hahitaji takwimu hizo. Anaona tu kwamba kopo lililokuwa likiishia mchana sasa linapika na cha usiku.

Uhuru wa kunakili ulileta na dosari zake. Wapo waliouza kauri ambayo haikuiva vizuri tanurini, ikapasuka katika wiki za kwanza. Wapo waliotumia bati jembamba mno, au wakaweka saruji kidogo. Jiko bovu lililofanana kabisa na zuri liliwaharibia jina wafinyanzi waaminifu. Hapakuwa na ofisi iliyoweza kuzunguka kila kibanda kukagua, kwa hiyo ukaguzi ukawa wa wanunuzi wenyewe, waliojifunza kwa hasara fundi yupi ni wa kuaminiwa na yupi wa kukwepwa.

Jiko likaanza safari. Tanzania na Uganda ziliandaa ya kwao. Ethiopia mafundi walitengeneza Lakech, lenye nasaba moja na la Kenya. Ghana likazaliwa Gyapa. Kila lilipofika lilibadilika kidogo, kwa sababu sufuria ya Accra si sufuria ya Machakos, na udongo wa mto huu hauna tabia ya udongo wa mto ule. Aliyelipokea hakuomba ruhusa ya kulikarabati.

Wafinyanzi wa Keyo

Kijijini mambo yalikuwa tofauti. Huko watu hawakununua mkaa, walikata au kuokota kuni, na walipikia mafiga matatu. Mafiga hayagharimu kitu, yanabeba chungu cha ukubwa wowote, na moto wake ni taa na joto la nyumba. Kuyashinda si kazi ndogo.

Miaka ya 1980 chama cha Maendeleo ya Wanawake, kikishirikiana na shirika la misaada la Ujerumani, kilisambaza jiko la kuni ambalo kwa hakika lilikuwa kauri peke yake: bakuli refu la udongo lenye mdomo wa kuingizia kuni, likijengewa kwa tope na mawe palepale jikoni. Halikuwa na bati, ribiti wala saruji. Lilipewa jina la chama chenyewe, Maendeleo. Baadaye likafahamika kama Upesi, jina ambalo lilitaja sifa iliyowagusa wapishi: chakula kiliwahi kuiva.

Magharibi mwa Kenya, karibu na Kisumu, kikundi cha wanawake wafinyanzi wa Keyo kilijitokeza miongoni mwa watengenezaji wa kauri hizo. Kwa Wajaluo kufinyanga ni kazi ya wanawake tangu kale, na mama hurithisha bintiye elimu ya udongo: upi unanata mno, upi una mchanga wa kutosha, upi ukikauka unajikunja. Wataalamu walileta kalibu ili kila kauri itoke na kipimo kimoja. Wanawake walileta ujuzi ambao hakuna kalibu inayoweza kuubeba. Udongo husinyaa unapokauka na husinyaa tena unapochomwa. Ukianikwa juani kwa haraka, unaufungulia ufa. Ukitolewa tanurini kabla haujapoa, unapasuka mikononi. Kazi yote ilisimama juu ya subira ile ya kugeuza kauri moja moja kivulini.

Kwa wanawake hao jiko lilikuwa zaidi ya namna ya kupunguza moshi. Lilikuwa bidhaa ya kupeleka sokoni wakati vyungu vya maji na vya kupikia vilikuwa vikipoteza wateja kwa plastiki na alumini. Ufundi wa bibi zao ulipata soko jipya badala ya kubaki kumbukumbu.

Pembea iliyochosha kina mama

Tofauti ya njia hii na nyingine inaonekana wazi ukisimama mbele ya vifaa vilivyosifiwa sana kisha vikaachwa. Nchini India serikali ilianza mwaka 1983 mpango wa taifa wa majiko bora ya kuni na kufunga majiko takriban milioni 35 kabla ya kuuacha mwaka 2002. Sehemu kubwa ya gharama ililipwa na serikali, hivyo waliojenga walikuwa na sababu ya kuhesabu majiko yaliyofungwa kuliko kuuliza kama yanatumika. Mengi yalipasuka au kubomolewa, na wenye nyumba wakarudi kwenye majiko yao ya asili.

Afrika Kusini ilitoa mfano mwingine: pembea ya duara iliyofungwa kwenye kisima. Watoto wakicheza na kuizungusha, maji yanapanda kwenye tangi. Ilikuwa picha ya kupendeza kiasi cha kuyeyusha mioyo, na mwaka 2006 wafadhili wa Marekani walitangaza dola milioni 16.4 za kuisambaza. Lengo lilikuwa pembea 4,000 katika nchi kumi kufikia mwaka 2010. Lakini watoto huchoka, wana shule, na hawachezi asubuhi ya baridi maji yanapohitajika. Waliobaki kuizungusha walikuwa kina mama, wameinama, wakisukuma vyuma vilivyopimwa kwa urefu wa mtoto. Gazeti la Guardian la Uingereza lilipiga hesabu mwaka 2009 na kuonyesha kwamba, ili malengo ya maji yatimie, watoto wangelazimika kucheza saa 27 kila siku. Pembea ilipoharibika, fundi wa kijiji hakuweza kuifungua. Ilibidi asubiriwe mtaalamu kutoka mbali, na katika vijiji vingine pampu ya mkono ya zamani ilikuwa imeshang'olewa ili kuipisha.

Jirani tu, Zimbabwe, ilikuwepo pampu nyingine ambayo haikupata sherehe. Asili yake ni miaka ya 1930, na katika miaka ya 1980 mtaalamu wa maji Peter Morgan aliiboresha kwa vyuma vizito na gogo la mti ambalo mwanakijiji huweza kulibadilisha mwenyewe. Hakuichukulia hataza. Kisima chake kiliweza kuchimbwa kwa keekee la kuzungushwa kwa mikono, wanakijiji wenyewe wakilisukuma, kwa hiyo siku ya kuchimba ilikuwa siku ya kijiji kizima. Aliyelisukuma keekee hilo alijua kina cha maji yake, na bolti ikilegea alijua ni bolti gani.

Hata simu ya mkononi ina kisa cha namna hii. Kabla ya M-Pesa watafiti walikuwa wameshagundua kwamba watu katika nchi kadhaa za Afrika, Uganda na Ghana zikiwamo, walikuwa wakitumiana muda wa maongezi kama pesa. Aliye mjini ananunua vocha, anawatumia wa kijijini, nao wanauuza muda huo dukani. M-Pesa yenyewe ilipojaribiwa nchini Kenya mwaka 2005, kusudi lake lilikuwa kurahisisha marejesho ya mikopo midogo. Waliopewa kuijaribu wakaanza kutumiana fedha kwa shughuli zao nyingine. Waliokuwa wakiiendesha waliona, wakakubali kufuata watumiaji, na ilipozinduliwa Machi 2007 ilitangazwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani.

Moshi uliobaki

Jiko la udongo halijamaliza tatizo lililolizaa, na kulipenda hakupaswi kuficha hilo. Linaokoa mkaa, lakini bado linapikia mkaa. Miji imekua haraka kuliko akiba iliyopatikana, na magunia yanayoingia Nairobi na Dar es Salaam yanaendelea kutoka misitu ya mbali. Hasara kubwa zaidi hutokea kabla mkaa haujafika jikoni: tanuri la kienyeji la kufukia kuni kwa udongo hugeuza sehemu ndogo tu ya uzito wa kuni hizo kuwa mkaa, nyingine ikapotea kama moshi na joto. Na mkaa hata usipotoa moshi unaoonekana hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu na huua watu waliolala chumba kimoja na jiko lenye moto.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, inayotokana zaidi na kupikia kuni, mkaa, kinyesi cha mifugo na mafuta ya taa, ilisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Wanaovuta moshi huo kwa muda mrefu zaidi ni wanawake na watoto walio karibu nao.

Ndiyo maana sasa macho yameelekezwa kwenye gesi na umeme. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa taifa wa Tanzania wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kufikisha asilimia 80 ya Watanzania katika nishati hiyo kufikia mwaka 2034. Muda huo ni mfupi kwa nchi ambayo sehemu kubwa ya kaya zake bado hupikia kuni na mkaa, na ndipo kisa cha jiko la kiuno chembamba kinapostahili kusomwa upya na kila anayeandaa kifaa kipya.

Mtungi wa gesi, kwa mfano, unaweza kuwa nafuu kwa mwezi kuliko mkaa, lakini mkaa hununuliwa kwa kopo na mtungi hulipiwa wote kwa mara moja. Mwenye kibarua cha kutwa hana fedha ya mwezi mzima mkononi. Huko Dar es Salaam kampuni ya KopaGas ililitazama jambo hilo kwa jicho la mnunuzi wa kopo, ikafunga mita kwenye mtungi ili mtu alipie kwa simu kiasi cha gesi anachohitaji leo. Teknolojia iliyomo ndani ya mita ni ngumu. Mazoea inayoyaheshimu ni ya siku nyingi.

Maswali mengine bado yanangoja majibu ya jikoni. Je, jiko la umeme linaweza kusimama imara mtu akisonga ugali wa watu wanane? Sufuria ya umeme inayopika maharage kwa presha hutumia umeme kidogo sana, lakini mpira wa kifuniko chake ukichakaa, unapatikana duka gani Singida au Busia? Umeme ukikatika chakula kikiwa nusu, mpishi anahamishia wapi? Nyumba nyingi zenye gesi zimeweka jiko la udongo pembeni hadi leo, na anayezicheka hajawahi kuishiwa gesi usiku wageni wakiwa wamekaa sebuleni.

Kamukunji jioni, majiko yamepangwa kwa safu, mengine yamepakwa rangi ya fedha, mengine nyekundu. Mnunuzi hufika na kuinama. Halitazami bati kwanza. Huingiza mkono ndani, akaigonga kauri kwa kifundo cha kidole, akatega sikio katikati ya kelele zote zile. Kauri iliyoiva hulia kwa sauti nyembamba inayodumu kidogo. Yenye ufa hulia butu. Akiisikia butu hasemi neno, analisogeza jiko lile pembeni na kugonga linalofuata, huku fundi akiwa ameshusha nyundo, akisubiri.